Bomba Tupu la Paani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenikuta juu ya paa la jengo la shangazi, nikigombana na mtu kwa sababu ya tangi la maji. Nilirudi nyumbani nimelowa chapachapa, nikaanza kumsimulia mume wangu. Alinisikiliza mpaka chai yake ikaisha, halafu akasema, "Mama watoto, mambo haya yaandike. Daftari halina masikio ya kuchoka."

Basi naandika, na nianze kwa mpangilio. Jengo lina ghorofa tatu juu ya maduka ya chini. Ghorofa ya kwanza na ya pili ni ofisi za kupangisha. Ya tatu itakuwa karakana ya ushonaji ya shangazi mwenyewe, dada wa marehemu baba, aliyeanza maisha na cherehani moja ya kukanyaga barazani kwa watu. Mimi ndiye fundi umeme mkuu wa jengo. Fundi bomba ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Shangazi anaamini riziki ya ukoo ibaki ndani ya ukoo, na matokeo yake ni kwamba ugomvi wa kazini hunifuata mpaka kwenye chakula cha Jumapili.

Umeme wetu hukatika mchana, kazi inapopamba moto. Ndiyo maana shangazi anataka sola kwa ajili ya cherehani zake. Lakini fedha iliyokuwepo imekwisha kwenye zege na nondo, kwa hiyo tulikubaliana hivi: sola itanunuliwa baadaye, njia yake iwekwe sasa. Bomba moja nene litoke paani, lipite ndani ya ukuta ghorofa hadi ghorofa, litokeze chini kwenye chumba cha swichi. Paani, upande unaopata jua siku nzima, pabaki wazi. Chumbani, ukuta mmoja ubaki wazi kwa betri na inveta. Na kabati kuu la umeme, lenye milango miwili, upande wake mmoja ubaki bila kitu chochote.

Kwa kifupi, kazi yangu ngumu kuliko zote ni kulinda vitu ambavyo havipo.

Na haiwezi kusubiri. Kushoto na kulia kuta zetu zimegusana na za majirani, mbele ni vioo vya maduka, nyuma ni ngazi. Hakuna pa kupitisha bomba kwa nje. Na fundi wa lami akishaziba paa, dhamana yake inakufa siku mtu yeyote akitoboa. Ama njia iwepo kabla ya lami, ama shangazi atashonea gizani.

Leo sasa. Nimepanda paani, nimekuta tangi la maji limekaa katikati ya eneo la sola kama bibi harusi.

"Shemeji, hapa si nilichora mistari ya chaki?"

"Niliiona. Nikajua umenichorea pa kuweka tangi."

"Nimekuchorea wewe?"

"Nikasema moyoni, shemeji yangu ananipenda, ananirahisishia kazi."

Vibarua walicheka mpaka mvua ikawatawanya.

Jumanne, 4 Machi

Tangi limehamishwa pembeni. Mistari nimeipaka rangi ya mafuta, nyekundu, na nimeandika SOLA kwa herufi ambazo hata ndege atazisoma.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Juu ya neno SOLA mtu amerundika mbao.

Jumatano, 12 Machi

Bomba limefika juu. Nimelipitisha kwa kona za taratibu, maana kebo nene haipindi kama waya wa redio. Ukiipa kona kali inakwama. Kona kubwa iko ghorofa ya kwanza, ndani ya ukuta wa korido. Paani nimelimalizia kwa shingo ndefu iliyopinda kichwa chini, kama mpini wa mwavuli, ili mvua isiingie.

Shangazi alikuja kulikagua, mkono kiunoni.

"Ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, shangazi."

"Nimejenga bomba la ghorofa zote hizi, ndani hakuna kitu?"

Nilimwonyesha mchoro. Nilimweleza kebo itakapoanzia na itakapoishia, kwa nini eneo la paani lisipate kivuli, kwa nini upande ule wa kabati uachwe. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu. Alikuwa ananitazama usoni, si mchoro.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema, kwa sauti ile ile anayomwambia mteja kwamba gauni litakuwa tayari Alhamisi.

Vibarua sasa wananiita Dada Kesho. Bomba wanaliita bomba la Dada Kesho. Shemeji ndiye aliyeanzisha, sina shaka.

Jumatatu, 17 Machi

Watu wa intaneti wamepitisha waya wao ndani ya bomba langu. Nimemkuta kijana wao anakunja vifaa, ameridhika.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna aliyenikataza. Lilikuwa tupu."

Niliuvuta waya wote kutoka juu mpaka chini mbele ya macho yake, nikamkabidhi umezungushwa vizuri. Akaniuliza kama nina ugomvi na kampuni yao. Nikamwambia nina ugomvi na neno "tupu".

Jumamosi, 22 Machi

Jua kidogo, kisha mvua. Kwenye ukuta wa inveta nimekuta baiskeli ya mlinzi. Imefungwa kwa mnyororo.

Alhamisi, 27 Machi

Leo wamebandika vigae vya korido ya ghorofa ya kwanza. Ni vya buluu, vyenye maua madogo meupe, na shangazi alivichagua mwenyewe baada ya kuzunguka kila duka. Vilikuwa vya mwisho. Kiwanda hakivitengenezi tena. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya kila kimoja kana kwamba anapima kitambaa. Nilimkumbusha kwamba nyuma ya ukuta huo ndipo ilipo kona ya bomba.

"Bomba lako lile lisilo na kitu?"

"Lile lile."

"Basi halitanisumbua."

Jumapili, 30 Machi

Chakula kwa dada. Nilikuwa nimejiapiza sitazungumza kazi. Shemeji akaniwekea sahani tupu mbele yangu.

"Hii ni ya kesho. Asiguse mtu."

Watoto wote wakacheka, na wangu wakiwemo. Nilicheka pia, ndipo nikagundua nimekasirika.

Baadaye dada alinivuta jikoni. Alisema mabomba ya kushusha maji ya mvua kutoka paani hayajafika kwa muuzaji, maji yanatuama juu na kuvuja karakana, na kila yanapovuja shangazi anampigia mume wake simu. "Wewe unagombania bomba la miaka ijayo," akasema, "mwenzio anagombezwa kwa mvua ya leo. Mwache apumue." Nilimjibu kwamba mimi sijamkaba. Akanikabidhi sufuria nioshe.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Shangazi amesafiri kununua vitambaa. Mbao zimeondolewa juu ya neno SOLA. Pamewekwa kokoto.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua kubwa Jumamosi na Jumapili, bila kupumua. Leo asubuhi nimefungua chumba cha swichi, na jambo la kwanza lililonipokea ni sauti. Maji. Si tone tone. Yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye mdomo wa bomba langu, yanagonga juu ya kabati kuu la umeme, yanashuka kwenye mlango wake na kutapakaa sakafuni. Namshukuru Mungu hatujaunganishwa na umeme mkubwa bado. Tungekuwa tumeunganishwa, asubuhi hii ningekuwa naandikiwa rambirambi.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Paani palikuwa karibu pakavu, pamefagiwa! Pale ilipokuwa shingo yangu ya mpini wa mwavuli palikuwa na tundu lililokatwa sawasawa na zege, limewekwa kichujio kizuri cha chuma, na maji ya mwisho ya paa zima yalikuwa yanakwenda kwake kwa heshima kama wageni wanaoingia ukumbini.

Shemeji alikuwa amesimama kando, anaitazama kazi yake. Alifurahi kuniona.

"Umeona? Hata dimbwi hakuna."

"Shemeji. Bomba hili linatokea wapi?"

"Uani, nyuma ya ngazi."

"Nani kakwambia uani?"

"Bomba linalotoka paani litatokea wapi, shemeji? Kila bomba la paani hutokea uani."

Nilimshika mkono kama mtoto, nikamshusha mpaka chumba cha swichi, nikafungua mlango. Alitazama maji. Alitazama kabati. Akavua kofia.

"Si lilikuwa tupu?" akasema polepole.

Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilisema pia kwamba mistari nilichora, jina niliandika, mafundi na vibarua wote nimewaambia. Hakunijibu kwa utani. Alisema tu, "Maji yalikuwa yanaingia karakana, shemeji. Nilikuwa nimezidiwa." Nilimwambia arudishe shingo leo hii na asiguse kitu kingine chochote chenye rangi yangu. Akaitikia kila neno.

Nimeshinda na matambara na feni mbili. Nimefungua kabati, nikatoa breka zote nilizokwisha kufunga, nikazipanga juu ya meza kama samaki wa kuanika. Upande wa sola haukuwa na cha kulowa. Huo peke yake ulipona, kwa sababu ulikuwa mtupu. Ningekuwa na moyo wa kucheka ningecheka.

Jumanne, 8 Aprili

Nimepima nyaya moja moja. Nyingi ni nzima. Nyingine zinahitaji kukauka, mimi pia.

Dada amepiga simu. Hakunisalimu. "Shangazi akirudi, usimtaje mume wangu. Unajua alivyo. Atamtoa kazini mchana na jioni atatuletea mboga nyumbani kutupa pole." Nilimwambia kwamba kabati kuu la umeme halikulowa kwa jasho langu, mtu ataulizwa. Akasema, "Ndiyo, na wewe una mdomo, hata kufungwa unaweza."

Jumatano, 9 Aprili

Jana usiku mvua kubwa, na chumbani hakujaingia hata tone. Maji ya mwisho yaliyotoka bombani jana yalikuwa ya kijivu. Nadhani ni vumbi la paa. Shemeji ananiambia kwa mbali, "Nimelishughulikia!" na kuinua kidole gumba. Nimekunywa chai ikiwa bado ya moto.

Jumatatu, 14 Aprili

Anga nyeupe tangu Jumamosi. Fundi wa lami amekuja asubuhi na mitungi yake ya gesi na karatasi za lami zilizoviringishwa. Ni mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo ni "hapana". Amegusa zege kwa kiganja, akasema paa limekauka vya kutosha, leo anasafisha, kesho kutwa anaziba. Kama si kesho kutwa, basi baada ya msimu, kwani ana kazi nyingine mbali. Shangazi, aliyerudi juzi na kukuta madoa ya maji kwenye dari ya karakana yake, akamwambia hata kwa dakika tano hatamsubirisha.

Nilitaka tu kupitisha kamba ndani ya bomba kabla ya lami, ili siku ya sola kebo ivutwe kwa hiyo kamba. Kazi ya kuchezea. Nikasukuma waya wa kuvutia kutoka chumba cha swichi. Ukapanda vizuri, ukakwama. Nikazungusha. Nikasukuma. Ukagonga kitu kigumu: ko, ko, ko.

Nilipanda paani. Shingo ilikuwa imerudishwa, safi. Nikaifungua, nikateremsha uzi wenye kokoto. Haukufika hata urefu wa mkono.

Shemeji alikuwa ananawa.

"Nakuuliza kwa upole. Lile bomba ulilishughulikiaje?"

"Maji yalikuwa bado yanapenya kwenye kiungo. Nililiziba."

"Kwa nini?"

"Si ulisema maji yasiingie?"

"Nauliza ulitumia kitu gani."

"Saruji."

"Kiasi gani?"

Akatazama vidole vyake. "Ndoo."

"Ndoo moja?"

"Mbili. Ya kwanza ilipotea."

Nilikaa kwenye ukingo wa tangi. Ya kwanza ilipotea! Imepotelea wapi, sokoni? Ya pili, akanieleza kwa kujitetea, aliitangulizia karatasi za mifuko ya saruji, ndiyo maana ikakaa juu. Basi ya kwanza, ile iliyopotea, najua iliko. Nilipima urefu wa waya wangu kutoka chini, nikauhesabu ukutani kwa futi. Umeishia ghorofa ya kwanza, kwenye kona. Nyuma ya vigae vya buluu vyenye maua meupe.

Nimejaribu kufikiria njia nyingine yoyote. Nimechora, nimefuta. Hakuna. Saruji ya juu lazima ipigwe kutoka paani kabla ya lami, na vipande vyake havina pa kutokea ila kwenye kona. Ama vigae vivunjwe kesho, ama kesho kutwa lami inafunga na jengo hili halitapata sola mpaka mtu alibomoe.

Nimekwenda kumwambia shangazi, nikakuta ameondoka. Afadhali. Sijapata maneno.

Jumanne, 15 Aprili

Niandike yote, hata nikichelewa kupika.

Shangazi alifika mapema, na kanga ya kazi kiunoni. Nilimkuta kwenye korido ya ghorofa ya kwanza akifuta vigae vyake kwa kitambaa chenye unyevu. Shemeji alinifuata nyuma na nyundo na patasi, amezishika kama mtu aliyetumwa na mwingine. Nilikuwa nimeiandaa sentensi yangu tangu alfajiri. Ilikuwa na jina la shemeji ndani. Nilikuwa nimeichoka familia nzima.

"Shangazi, bomba la sola limeziba. Lazima tuvunje hapa."

Mkono wake ukasimama kwenye kigae.

"Hapa wapi?"

Nikamwonyesha. Akaangalia nyundo, akaniangalia mimi.

"Nani kaziba bomba kwenye ukuta wangu?"

Nikavuta pumzi. Shemeji akawahi.

"Ni mimi, shangazi. Nilikata shingo yake nikapitishia maji ya mvua, yakaingia chumba cha umeme. Halafu nikaziba kwa saruji. Shemeji alinikataza kugusa."

Chini mtu alikuwa anapiga msumari. Shangazi akaendelea kufuta kigae ambacho tayari kilikuwa safi.

"Siku ile ya mvua nilikupigia mara ngapi?"

"Mara nyingi, shangazi."

"Nikakwambia nini?"

Shemeji hakutaka kusema. Shangazi akamkazia macho mpaka akasema: "Ulisema, sitaki kusikia mabomba yamefika au hayajafika, yatoe hayo maji kwa njia yoyote."

"Kwa njia yoyote," shangazi akarudia. "Basi umetii. Mtu akinitii hivi mara ya pili nitakosa jengo."

Mimi sikuwa nimejua. Mwezi mzima namwona kama mtu anayenichokoza, kumbe alikuwa anakimbia simu. Hata hivyo ndoo mbili ni ndoo mbili.

Shangazi akageuka kwangu. "Nieleze tena. Bomba hili ndani lina nini?"

Nilikuwa sina nguvu ya mchoro. Sikuwa hata nimekuja nao.

"Halina kitu, shangazi. Jengo litakua, mahitaji yataongezeka. Tumeliachia nafasi ya kukua, basi. Ukikata leo, kesho haliongezeki."

Akaacha kufuta.

"Ni upindo."

"Nini?"

"Upindo! Sare ya mtoto wa shule huikati kwa urefu wa mguu wa leo. Unaacha kitambaa, unakikunja ndani, unashona. Mwakani mama yake anafumua, mtoto ana gauni refu. Maisha yangu yote nimeshona upindo." Sauti ilikuwa inapanda. "Na kwenye paa ni hivyo hivyo? Na kwenye kabati?"

"Hivyo hivyo, shangazi."

"Sasa wewe mtoto, na shule yako yote, kwa nini hukuniambia tangu mwanzo kwamba ni upindo? Unaniletea karatasi zenye mishale!"

Nilitaka kukaa sakafuni. Michoro mitatu! Rangi ya mafuta! Nimekauka koo msimu mzima, na kumbe nilitakiwa kusema neno moja la fundi cherehani. Shemeji alikuwa anatazama dari, midomo ameikaza, mabega yanacheza.

"Vunjeni," shangazi akasema. "Lakini vigae vitano tu. Ukivunja cha sita," akamnyooshea shemeji kidole, "nitakubandika wewe mahali pake."

Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake kutuangalia.

Shemeji alivunja. Sijawahi kumwona akifanya kazi taratibu namna ile, anagonga kidogo, anapuliza vumbi, anagonga tena. Vinne vilitoka vizima. Nilikata bomba juu na chini ya kona, na kona ikatoka na ndoo ya kwanza ndani yake, imeganda umbo la mkono ulioshika kiuno. Shangazi akaomba aishike. "Hivi ndivyo ninavyosimama?" akauliza, mkono wake mwingine uko kiunoni.

Kisha shemeji akapanda paani, akaishughulikia ndoo ya pili kwa nondo ndefu. Mvua ilikuwa imeitia maji, haikushika vizuri. Ikawa inaanguka vipande vipande, tunavipokea kwenye korido. Mchana kutwa. Mara moja kipande kikubwa kilitoka kwa kishindo, tukasikia sauti yake kutoka juu, ndani ya bomba, kama mtu anayeongea kisimani:

"Shemeji! Ni tupu?"

"Ni tupu!" nikajibu. Sikuwahi kufikiri nitalisema neno hilo kwa furaha.

Nimefunga kona mpya. Nimepitisha kamba kutoka paani mpaka chumba cha swichi, nikaifunga fundo juu na chini.

Kigae cha sita kimepasuka. Shemeji anasema kimepasuka chenyewe.

"Chenyewe?" shangazi akauliza.

"Chenyewe, shangazi."

"Basi ulale chini tukupime."

Jumatano, 16 Aprili

Fundi wa lami ameziba. Nilikaa paani siku nzima kwenye jua kumtazama akizungushia shingo ya bomba, tabaka juu ya tabaka. Aliniuliza kama simwamini. Nilimwambia kwa sasa simwamini mtu yeyote, asichukulie ni yeye. Akasema, "Sawa." Ndilo neno lake refu kuliko yote ya leo.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua imerudi. Paa halivuji. Chumba cha swichi kikavu kama biskuti.

Jumapili, 27 Aprili

Chakula kwetu. Shemeji alikuta sahani mezani, mbele ya kiti chake, nimeijaza saruji kavu mpaka ukingoni. Dada alicheka mpaka akalia. Mabomba ya maji ya mvua yamefika na shemeji ameyafunga yote wiki hii, uani, penyewe. Nimekagua mara mbili, bila kumwambia. Ameniona.

Jumatatu, 5 Mei

Pale vigae vilipotoka tumeweka kifuniko cha bati kinachofunguka, kimepakwa buluu. Sasa siku ya kuvuta kebo, kona itafikika bila kuvunja. Ni bora kuliko ilivyokuwa. Shangazi anawaambia watu kwamba ilikuwa mpango wake.

Ijumaa, 16 Mei

Mkaguzi amepita. Umeme umewashwa. Alifungua upande mtupu wa kabati, akauliza. Kabla sijafungua mdomo shangazi alimweleza habari ya sare za shule. Alimweleza kwa muda mrefu.

Jumatatu, 26 Mei

Nadhani mvua zimekwisha. Leo wingu hata la kusingiziwa hakuna.

Amekuja mtu wa mabango, shati jeupe, viatu vinavyong'aa kama kioo. Anataka kusimamisha bango kubwa paani. Tulipanda naye. Aliangalia eneo langu, mistari myekundu niliyoipaka upya juu ya lami, jua limejaa hapo kama maji.

"Hapa ndipo penyewe," akasema.

"Hapo hapana nafasi," shangazi akamjibu.

"Mama, mbona pako wazi?"

"Huo ni upindo. Mtoto bado anakua."

Mtu wa watu alinigeukia, akiomba msaada kwa macho. Nilitazama anga. Shangazi akamshika kiwiko akamwongoza kwenye ngazi, kwa adabu, huku akimuuliza kama ana watoto wanaosoma.

Nilibaki paani peke yangu kidogo. Nikavuta kamba kuona kama bado inateleza ndani ya bomba. Inateleza. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu Februari, na kwa furaha hiyo hiyo nikashuka mpaka chumba cha swichi kufunga kazi ya siku. Nikafungua upande wa sola wa kabati, ule wa breka za baadaye, ili niupanguse vumbi.

Ndani kulikuwa na mwavuli, umening'inizwa vizuri kwenye ukanda wa breka. Chini yake, viatu vya matope vimepangwa sambamba. Nilivijua.

"Shangazi!"

Sauti yake ikaja kutoka kwenye ngazi, bila hofu yoyote: "Nini tena, mwanangu? Si palikuwa patupu?"

Nimevitoa. Nimeviweka nje ya mlango, viatu chini, mwavuli juu yake. Kesho nanunua kufuli, na ufunguo nitakaa nao mimi.